Kitanda Ndani ya Jeep ya Ramazani

Batoto bangu, nimechoka. Nasema hivyo mwanzoni ili mtu asilalamike baadaye kwamba hakuonywa. Magoti yangu yamekataa kazi, sikio la kushoto lilimezwa na injini za malori zamani, na mgongo wangu unaijua mvua kabla mawingu hayajaijua. Garaji nimeifunga. Vifaa nimewagawia wale waliokuwa karibu.

Lakini bado mnakuja hapa nyumbani Vulamba, siku ya Mungu baada ya misa, mnakaa kwenye benchi yangu na kunionyesha picha katika telefone zenu. Jeep zenye magurudumu makubwa kama ya tingatinga, taa zimepangwa juu ya paa, parishoki, yaani bampa, ya chuma mbele, ngazi nyuma, mapipa ya mafuta kila upande. Mnaniuliza: Papa Kambale, jeep ya famille kutoka mpakani Kasindi inaweza kugeuka hivi? Inaweza. Hapa Butembo mtu akikuletea sufuria na kuomba uigeuze kuwa kengele, utapata mtu wa kuifanya. Swali langu ni lingine, nami huwa nachoka kabla ya kuliuliza: nani atakaa ndani, na anakwenda wapi?

Kwa hiyo nimeandika. Nitatumia Kiswahili cha kitabu kadiri ninavyoweza, ila batu nitabaacha baseme vile banasemaka.

Tuanze chini, maana gari huanzia chini. Jeep hizi zilikuwa za famille huko zilikotoka. Ukitoa kiti cha nyuma unakuta pipi imeshikana na zulia, soksi ya mtoto, na siku moja nilikuta jino la utoto limefungwa vizuri katika karatasi. Gari ya namna hiyo ilizoea kupeleka watoto shuleni kwenye lami. Wewe unataka ipande milima ya Lubero wakati wa mvua. Basi iheshimu kidogo. Ingia chini yake na nyundo ndogo, gonga shasi polepole toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinajibu kama ubao. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo sababu wengine wanapaka tumbo lote la gari mafuta machafu na rangi nyeusi. Gari zee lenye tumbo jeusi linalong'aa, uliza maswali mengi.

Pili, msiinue gari bila kufikiri. Kulikuwa na kijana mmoja wa hapa aliyeweka vipande vya mti wa mukaratusi kati ya resori, yaani springi, na shasi. Gari ikawa ndefu, akafurahi, wasichana wakageuka kutazama. Hakukumbuka kwamba mipira ya freni, ile ya mafuta ya breki, ilibaki na urefu uleule. Kwenye mteremko wa kwanza gurudumu liliingia shimoni, likaning'inia, mpira ukakatika. Alisimama katikati ya shamba la maharagi. Hakuumia. Mwenye shamba, mama mmoja mwenye sauti kali, alimpa jembe na kumsimamia mpaka akapanda upya kila mstari alioukanyaga. Mpaka leo akiona maharagi kwenye sahani anakuwa mpole.

Sasa nawaambia habari ya jeep ya Ramazani, kazi yangu kubwa ya mwisho. Mengine yote ninayoweza kuwafundisha yamo humo.

Ramazani ni transporteur wa Beni. Malori yake yanakwenda Komanda na Mambasa, yanarudi na mchele, mawese na mbao. Yeye ni Muislamu, mimi Mukatoliki, lakini lori la baba yake ndilo lililonilisha nilipokuwa kijana, na mama yangu alipokufa Ramazani alikaa kwenye matanga yetu mpaka siku ya mwisho. Siku moja alifika garajini na jeep ambayo mdogo wake Idi alikuwa ameiendesha toka Beni. Idi alishuka akitabasamu. Ramazani alishuka kama mtu aliyetoka hospitali.

Jeep ilikuwa kama zile picha zenu. Idi aliinunua Kasindi, akaipeleka kwa rafiki zake huko Beni. Waliiinua juu, wakaweka resori ngumu za kubebea mizigo, magurudumu mapana, parishoki nzito, porte-bagage ya chuma juu ya paa na magurudumu mawili ya akiba juu yake. Kazi ilikuwa safi, sitamsingizia. Kila boulon, kila bolti, ilikuwa mahali pake.

Ramazani alinivuta pembeni akaniambia kwamba gari ile ni ya mama yao. Koko Aziza, kila mtu Beni alimwita hivyo, yaani Bibi, alikuwa mzee sana. Zamani alianguka akavunjika nyonga, ikaunga vibaya, tangu hapo hawezi kukaa muda mrefu. Ni kulala au kusimama na fimbo. Walimlaza ndani ya jeep kwenye godoro wakamzungusha kidogo kwenye barabara ya Oicha kujaribu. Hakusema neno njiani. Kesho yake hakuweza kuamka, na kesho kutwa pia.

Nikamwuliza mama wa umri ule anakwenda wapi. Mambasa, akasema. Kwa mdogo wake, Mama Sakina.

Hapo nikaelewa, maana jambo lile tulilijua wote. Salumu, mtoto wa Sakina, alikuwa dereva wa Ramazani. Aliuawa kwenye njia ile, mbele ya Eringeti, pamoja na wengine waliokuwa ndani ya lori. Waliofanya vile hatukuwajua kwa uso, na njia ilifungwa muda mrefu. Maiti ilipelekwa Mambasa kwa upande wa pili. Koko Aziza hakufika kwenye matanga. Dada wawili wa tumbo moja, mmoja amefiwa na mtoto akiwa katika kazi ya mtoto wa mwingine, na hawajaketi pamoja kulia. Miaka ikapita. Walisalimiana kwa telefone, mtandao ukakatika, wakaacha.

"Nilimwambia tukate tiketi ya ndege mpaka Bunia, tutafute gari huko," Ramazani alisema. "Akakatala. Anasema alitoka kule kwa miguu chini ya miti, hawezi kurudia juu ya miti kama kunguru. Na anasema kilio hakitumwake na telefone. Papa Kambale, mama anataka kufika mbele ya kufa. Unisaidie."

Nilizunguka ile jeep. Nilikuwa nimechoka tayari siku zile, na nilitamani kumwambia atafute mtu mwingine. Kisha nikamwambia Idi alete cric, jeki ya kuinulia gari.

Kazi niliyofanya wiki zile ilikuwa kutoa vitu. Nilitoa porte-bagage na magurudumu yake, maana uzito ulio juu ya kichwa cha gari huivuta kila upande inapoyumba, na mgonjwa aliye ndani anayumba nayo. Nilitoa parishoki. Nilitoa resori ngumu. Hizo zinapenda mzigo. Ukizipa mzigo zinalainika, ukizipa bibi mwembamba mmoja zinamrusha kama mahindi kwenye kikaango. Nilitafuta resori laini katika magari yaliyokufa mjini, nikapata jozi moja nzuri kwenye gari lililopata ajali mbele tu. Magurudumu niliweka membamba, yenye mashavu marefu, nikayapunguza upepo mpaka nikiyakanyaga yananyenyekea kidogo. Watoto wa siku hizi mnajaza upepo mpaka gurudumu linakuwa jiwe. Kwenye tope na kwenye mawe, punguza. Ukirudi kwenye lami, jaza.

Idi alinitazama nikivua gari yake kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Siku moja kaka yake alipokuwa hayupo, alinijia.

"Papa Kambale, ile gari sasa inakuwa ya musista. Tukikwama kwa tope batu batatucheka."

Nikamwambia tukikwama tutasukuma. Hakucheka. Nikaona afadhali nimweleze jinsi nilivyofundishwa mimi.

Fundi wangu alikuwa Muzee Paluku. Nilipokwenda kwake kujifunza resori za malori nilikuwa na haraka, nikitaka nyundo siku ya kwanza. Alinipandisha juu ya lori la viazi, juu kabisa ya magunia, nyuma ya mhimili, akanituma mpaka Goma na kurudi. Tulikwenda nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Niliporudi siwezi hata kuinama, akaniuliza ni wapi panauma. Nikamwonyesha: hapa, hapa na hapa. Akanipandisha tena, safari hii mpaka Beni tu, lakini nikae katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nikarudi nikitembea. Hakunieleza kitu. Alinipa nyundo.

Nilipomaliza kumsimulia, Idi alitazama nafasi iliyokuwa imebaki ndani ya jeep baada ya viti kutoka, akapima kwa mikono yake. Akasema kwamba godoro waliliweka nyuma kabisa, juu ya mhimili, kichwa kikielekea mlango. Alasiri ile alikuja na ovaroli yake.

Tulitengeneza kitanda pamoja. Fremu ya mabomba mepesi, tukaifunga kwenye matundu yaleyale yaliyokuwa yameshika viti, maana kutoboa shasi upya ni kuipa gari kidonda. Kichwa kikawa mbele, karibu na mgongo wa dereva, kiuno katikati ya gari panapotulia. Badala ya mbao tulikata mipira ya ndani ya magurudumu kuwa mikanda, tukaisuka kama wanavyosuka viti. Mama mmoja mshonaji, Masika, alishona godoro la pamba na mto wa kuweka chini ya magoti. Tukaacha kiti kimoja pembeni ili mtu amshike mkono.

Kisha nani alale humo kupima? Idi ni kijana, angelala juu ya mawe na kusema ni pazuri. Nikalala mimi. Mgongo wangu ndio ulikuwa chombo cha kupimia. Kila asubuhi Idi alinizungusha kwenye barabara mbaya za hapa Vulamba nami nimelala nikiangalia dari, nikisema: hapo, hapana, rudia, polepole. Majirani walidhani nimepatwa na kiharusi na famille inanipeleka hospitali. Mke wangu Kahindo alisimama mlangoni akasema katika ndoa yetu yote hajawahi kuniona nimelala wakati jua limetoka, na leo ndiyo naita kazi.

Tulibadilisha amortisseurs, zile shokapu, mara mbili. Tulilegeza mikanda ya kitanda, tukaikaza, tukailegeza tena upande wa miguu. Mpaka asubuhi moja Idi alisimamisha gari, akageuka, akanikuta nimelala usingizi wa kweli. Hakuniamsha. Alizima injini akasubiri.

Kitu kimoja nilitaka kutoa Idi akakataa: sahani ya chuma waliyoifunga chini ya injini. Niliona ni uzito wa bure. Alibishana nami kwa adabu lakini hakulegea, akasema mawe ya Eringeti hayana macho. Nikamwachia.

Tulipofika Beni, Koko Aziza alitoka nyumbani akishikwa kwapa. Mwanamke mdogo, mwembamba, kanga imefungwa vizuri kichwani, macho makali. Walimlaza ndani. Idi alizunguka mtaa taratibu akapita makusudi juu ya mashimo yote. Tuliporudi mlangoni tukangoja.

"Kuko mutu alilala humu mbele yangu," alisema.

Nikamwambia ni mimi.

"Naona. Umeniachia shimo ya mugongo wako." Akafunga macho. "Iko muzuri. Twende kesho."

Ramazani aliniomba niende nao. Sikuwa na nguvu ya safari ile, na nilimwogopa Kahindo kuliko njia. Lakini fundi aliyelala kwenye kitanda kile wiki nzima angewezaje kubaki?

Toka Beni mpaka Eringeti gari ilikwenda vizuri. Sitawaficha kwamba tulikuwa na hofu. Kila aliyepita njia ile anajua jinsi watu wanavyoacha kuongea wakifika sehemu fulani. Nyumba nyingine hazina watu, migomba imemea mpaka mlangoni. Koko alikuwa macho, akitaja majina ya vijito tunavyovuka. Mahali pamoja Idi alikwepa moto, yaani pikipiki, iliyobeba ndizi, tukapanda juu ya jiwe, tukasikia kishindo chini ya injini. Tuliposimama kuangalia, sahani ya Idi ilikuwa imekunjika na kuingia ndani kiasi cha ngumi. Bila sahani ile mafuta ya injini yangekuwa yote barabarani. Nilimwambia hivyo mbele ya kaka yake. Alitazama chini akasugua viatu vyake kwenye nyasi.

Eringeti basoda, askari wa jeshi, walitusimamisha. Mbele kulikuwa na vurugu, convoi, msafara unaosindikizwa na askari, haiondoki. Malori yalikuwa yamepanga mstari, madereva wanapika pembeni. Famille moja ya Waislamu iliyomjua Ramazani ilitupokea katika kiwanja chao, tukaegesha jeep chini ya paa la mabati waliloanikia kakao. Tukakaa. Kila asubuhi Ramazani alikwenda kuuliza, kila asubuhi alirudi na jibu lile lile. Koko hakutaka kuingia nyumbani kwa watu. Alilala katika jeep mlango wa nyuma ukiwa wazi, na wanawake wa pale walikuja kumsalimia, wakakaa naye, wakamletea uji. Siku moja mtandao ulishika. Alimwambia Sakina kwa telefone kwamba yuko Eringeti, ndani ya jeep katika kiwanja cha famille ile, na njia imefungwa. Wakakatikiwa katikati ya neno.

Ramazani alianza kusema kwamba tulipe mtu atupitishe njia nyingine. Alikuwa hapati usingizi. Mama yake alimwambia: "Hapana. Ile njia imekula mutoto moja. Tungoje."

Asubuhi moja tulisikia kwamba convoi imeruhusiwa toka upande wa Komanda. Yetu itaondoka ikisha kufika. Nikaona nitumie nafasi kunyoosha ile sahani, ilikuwa inagusa chini ya injini na kulia. Nilitandika gunia nikaingia chini ya jeep, boulon moja mdomoni, spana mkononi. Idi alikwenda kutafuta maji. Ramazani alikuwa ameketi barazani.

Basi nikasikia moto zinaingia kijijini, nyingi, zikipiga honi. Moja ikakata kona ikaja kusimama kiwanjani kwetu. Nilichokuwa naona ni magurudumu mawili yenye tope jekundu na miguu miwili imevaa viatu vya plastiki, suruali ya mwanamume chini ya kikwembe cha kujifunga. Miguu ya mwanamke mzee. Alimshukuru motard aliyemleta, akachukua mzigo wake, akatembea moja kwa moja mpaka nyuma ya jeep. Hakuuliza mtu yeyote.

Resori zikashuka kidogo juu yangu. Mtu ameingia.

Sauti ikamwita dada mkubwa: "Yaya, ulisema unakuya. Nikaona unakawia."

"Njia ilinikatala," Koko Aziza akajibu.

"Na mimi ilinikatala. Nikapita vilevile."

Ningetoka wakati ule ule kama ningeweza, lakini ningetokea karibu na miguu yao, uso mweusi kwa mafuta. Nikabaki. Nikasikia Koko akisema: "Nakuletea pole ya Salumu." Alilisema tena, kwa jina lote la yule kijana na la baba yake. Niliona resori zinatetemeka, kidogo kidogo, kama gari inayosimama na injini inawaka. Injini ilikuwa imezimwa. Nimefanya kazi na resori maisha yangu yote na sikuwahi kuona hivyo. Nilijua wanalia kabla sauti haijatoka.

Muda ukapita. Kuku alikuja akanitazama, akaondoka.

Kisha Sakina akasema: "Ramazani iko wapi? Akuye."

Viatu vya Ramazani vikaja. Vikasimama nyuma ya jeep, mbali kidogo na mlango, juani.

"Wee njo ulimutuma Salumu siku ile, ao alienda kwa mapenzi yake?" Sauti yake haikupanda. "Batu bengine banasema hivi, bengine banasema vile. Mimi hapana uliza batu. Nakuuliza wewe."

Niliuma ile boulon. Niliona viatu vyake havisogei. Alikuwa mtu mkubwa Beni, Ramazani, mtu ambaye askari na makarani walimwita patron. Nilidhani atasema Mungu ndiye aliyepanga. Watu wengi wangesema hivyo, na nani angewapinga?

"Ni mimi nilimutuma, mama mudogo," alisema. "Yeye alisema tungoje convoi. Nikamwambia muzigo utaoza."

Juu yangu hakuna kilichotikisika.

"Nilijua," Sakina akasema mwishoni. "Nilitaka nisikie kwa kinywa yako, juu nisikufe nikiwaza uko mutu wa uongo."

Viatu vya Ramazani vikabaki pale.

"Ingia basi," alisema mama yule. "Unasimama pa jua ya nini?"

Gari ikashuka tena, upande wa kuume.

Nilitoka baadaye sana, walipokuwa wanakunywa chai. Sakina alinisalimia akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Alisema alisikia mtu akipumua chini muda wote, akadhani ni mbuzi.

Convoi ya kwenda Komanda iliondoka bila sisi. Koko Aziza hakuwa tena na sababu ya kuvuka. Sakina alikuja na nguo zake zote, akasema anakwenda kukaa Beni na dada yake. Na alikaa. Koko alikufa nyumbani kwake mvua zilizofuata, mkono wake ukiwa katika mkono wa Sakina. Nilikwenda matanga. Jeep waliiuza baadaye kwa mtu wa Bunia. Nasikia alitoa kitanda, akaweka porte-bagage na taa nyingi. Sina kinyongo. Gari ni ya mwenye ufunguo.

Idi alinitania njiani tukirudi. Alisema wiki zote zile, resori, mipira, amortisseurs, na mwishowe tumeshindwa na mama mzee juu ya moto. Nikamwambia ni kweli. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kucheka kuliuma. Leo ana garaji yake mwenyewe huko Beni, na akiletewa jeep anauliza kwanza nani atalala ndani. Mkitaka kujifunza nendeni kwake, mimi niacheni na benchi yangu.

Ila nataka niwaambie habari ya barrière, kizuizi cha kamba cha askari, iliyokuwa karibu na Mbau, siku ile tunarudi. Idi anaendesha, mimi niko pembeni yake, Ramazani nyuma kwenye kile kiti kimoja. Wale mama wawili walikuwa wamelala kitandani, wamebanana, kitanda cha mtu mmoja. Soda mmoja alitusimamisha. Kijana, macho mekundu, tope mpaka magotini, bunduki inaonekana nzito kuliko yeye. Alituambia kwa Lingala tushuke wote, akazunguka nyuma akavuta mlango kwa nguvu, kama wanavyofanya.

Akasimama.

Sakina alikuwa ameweka mkono chini ya kichwa cha dada yake. Midomo ya wote wawili ilikuwa wazi. Viatu vya plastiki vilikuwa bado miguuni, na tope lilikuwa limekauka juu ya godoro la Masika.

"Ba nani?" aliuliza.

"Ba mama yangu," Ramazani akasema.

Yule soda aliendelea kutazama. Nilifikiri atatuambia tuwaamshe. Alisema kwa sauti ya chini, kama anajisemea mwenyewe: "Balali." Wamelala. Akatundika bunduki begani. Mlango wa nyuma wa jeep ile ulikuwa mzito, ukiuachia unapiga kishindo. Yeye aliushika kwa mikono miwili akaushusha polepole, akausukuma kwa viganja mpaka ukashika. Kisha akampungia mwenzake mkono ashushe kamba.